Sauti ya Tano

Kwaya zetu zina sauti nne. Ukienda kanisa lolote kati ya Ruiru na Thika useme unataka kuimba, mwalimu wa kwaya atakuomba upande na do, re, mi, halafu ushuke, na kabla hujafika chini atakuwa ameshakuonyesha benchi lako. Wanawake ni soprano au alto. Wanaume ni teno au besi. Mimi nimepimwa hivyo katika kwaya kumi na moja, na mara zote kumi na moja mwalimu aliangalia benchi moja, akaangalia lingine, kisha akasema, "Kaa hapo kwa besi kwanza. Tutaona."

Hakuna aliyewahi kuona. Besi hushuka mahali ambapo mimi hubaki nikitoa upepo tu, kama gurudumu lililodungwa msumari. Teno hupanda mahali ambapo mishipa ya shingo yangu husimama na waumini wa mbele hugeuka kuangalia kama kuna mgonjwa. Sauti yangu iko katikati. Nina noti saba au nane ambazo naweza kuziimba kutwa nzima bila kuchoka, na katika nyimbo zetu hakuna mtu anayehitajika kukaa hapo.

Nimehama sana maishani. Baada ya kidato cha nne nilianza kibarua katika mashamba ya mananasi nje ya Thika, nikaenda kiwanda cha ngozi, nikaenda Nakuru, Kitale, Athi River, Voi kwa miezi saba, nikarudi, nikaondoka tena. Watu huniuliza nilikuwa nakimbia nini. Sikuwa nakimbia kitu. Nilipofika mahali nilitafuta kazi, kisha chumba, kisha kwaya, na siku nilipoanza kuwaza kuondoka, mara nyingi si kazi iliyokuwa imenichosha. Ukiimba sauti isiyo yako mwaka mzima unachoka mahali ambapo usingizi haufiki.

Kila nilipoondoka nilibeba karatasi zangu. Nina mwandiko mzuri wa solfa, na hilo ndilo lililonifungulia milango yote kumi na moja. Kwaya zetu hazisomi muziki wa vichwa vya noti vilivyopangwa kwenye mistari. Tunasoma herufi: d ya do, r ya re, m ya mi, na nukta mbili au nukta moja kati yake kuonyesha mapigo. Mtu akileta wimbo ulioandikwa Kizungu, lazima apatikane wa kuugeuza kuwa herufi, sauti moja baada ya nyingine, kwa kalamu na rula. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi. Na nilipohama, nakala zangu nilizitia katika mfuko wa nailoni uliowahi kuwa na blanketi, zipu yake imekufa upande mmoja, nikaenda nazo. Sikumwomba mtu ruhusa. Niliona ni haki yangu, kwa kuwa mkono ulikuwa wangu.

Sasa nafanya kazi Thika, katika kiwanda cha chakula cha mifugo, na nimepanga chumba Ruiru, ghorofa ya tatu, dirisha linaloangalia kamba za nguo za jirani. Kwaya yangu iko Ruiru. Mwalimu wetu ni mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, mwembamba, anayevaa sweta hata Januari, na penseli yake hukaa sikioni mpaka amesahau iko wapi na kuanza kuitafuta mezani. Binti yake ni muuguzi Ufaransa. Mwaka jana binti huyo alimtumia video, na Jumamosi moja mchana, kabla ya mazoezi, mwalimu alituita tuizunguke simu yake.

Tuliona kanisa kubwa lenye dhahabu kila kona, waimbaji wamevaa nyeusi, violini, na ogani ndogo isiyozidi kabati la vyombo. Walianza wachache, kama watu wanaozungumza chumbani. Halafu kwaya nzima ikaingia kwa pamoja na simu ya mwalimu ikashindwa, ikawa inakwaruza.

"Huu ni wimbo wa kanisa la ikulu," mwalimu alisema. "Mfalme wa Ufaransa wa zamani hizo alikuwa anasikiliza misa kila asubuhi. Padre alisoma misa yake pale altareni polepole, karibu kunong'ona. Na wakati huohuo kwaya ya mfalme inaimba zaburi nzima kutoka roshani, mpaka misa inakaribia kuisha."

Kiongozi wa alto alikuwa amekaa karibu naye. Ni mama anayeuza viazi katika soko la Ruiru, na ameimba katika kanisa letu tangu likiwa la mabati. Hasomi solfa hata herufi moja. Hushika kila kitu kwa sikio. "Ngoja, Mwalimu," alisema. "Padre anaongea na hawa wanaimba juu yake?"

"Ndiyo."

"Na hakasiriki?"

"Angemkasirikia nani, mama? Mfalme?"

"Haiya! Hebu jaribu hiyo na wetu, uone."

Tulicheka. Mwalimu akaendelea kutueleza, maana alikuwa amesoma kila alichotumiwa na binti yake. Mwisho wa misa, alisema, kwaya hiyo ilikuwa inaimba sala fupi ya kumwombea mfalme. Fundi wa magari, ambaye ndiye kiongozi wa besi, mtu mpana mwenye sauti inayotetemesha kioo cha dirisha la sakristia, aliuliza kama na sisi tungeiimba hiyo.

"Mfalme mwenyewe alishakufa," mwalimu alisema. "Tutamwombea maisha marefu namna gani?"

"Tumwekee diwani wa hapa, Mwalimu. Huyo bado anapumua."

"Hiyo tunairuka," mwalimu alisema.

Jambo jingine alilotueleza lilinikaa zaidi ya mengine. Viongozi wa muziki wa mfalme walikuwa wanne, na kila mmoja alihudumu miezi mitatu kwa mwaka, kisha akampisha mwenzake. Nilisikia hivyo nikafikiri, hao wangenielewa.

Kisha akatoa kurasa. Binti alikuwa amepata picha za kitabu cha kale, naye mwalimu alikwenda kuzichapisha Juja, kwenye duka linalochapishia wanafunzi. Alizitandaza juu ya meza ya katekista. Ziliandikwa kwa mkono, wino umetapakaa, noti zenye vichwa vya umbo la almasi. Alianza kuhesabu kwa penseli kutoka juu, akitaja sauti za waimbaji. "Soprano. Hii ya pili huko kwao waliimba wanaume wenye sauti nyembamba, sisi tutawapa alto. Hii ni teno. Ya chini kabisa, besi." Penseli ilirudi juu kidogo ikasimama. "Na hii hapa, kati ya teno na besi."

"Hiyo ni ya nani?" fundi aliuliza.

Mwalimu aliinua macho akanitazama, na wengine wote wakageuka kunitazama.

Sijui nieleze vipi. Nina zaidi ya miaka arobaini. Nilikuwa nimeishi muda wote huo nikiamini kwamba koo langu limekosewa, kama kiatu kilichoshonwa na fundi aliyekuwa akiongea na simu. Na hapa palikuwa na karatasi inayosema kwamba mahali fulani, katika nyumba ya mfalme, kulikuwa na benchi la watu kama mimi. Walikuja kila asubuhi, wakapangwa safu yao, na muziki ukaandikwa ukijua watakuwapo.

Fundi ndiye aliyetuamsha. "Mwalimu, wanaume wa kwaya hii ni tisa. Ukitoa watu wa sauti ya tano, mimi nabaki na nani? Nibaki na kifua changu peke yake?" Akanigeukia. "Wewe nakupenda, ndugu yangu, lakini wewe ni ghorofa moja na nusu. Hapa Ruiru hatujui kupangisha nusu."

Hata mimi nilicheka, lakini alikuwa na hoja. Mwalimu alikuna kichwa, akaikuta penseli. "Tuandike zote tano," alisema. "Jumamosi tatu kutoka leo tunaijaribu. Ikikubali, tunaiimba siku ya mtakatifu somo wa parokia. Ikikataa, nafuta hiyo ya tano, tunaimba nne kama kawaida, na wewe unarudi kwa besi." Aliniambia hayo kwa upole. "Utaandika?"

Nilisema nitaandika.

Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba wiki hiyohiyo rafiki niliyefanya naye kazi Nakuru alinipigia kutoka Naivasha. Sasa ni msimamizi katika shamba la maua, na kulikuwa na nafasi katika chumba cha pampu. Alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilimwambia nipe mpaka baada ya Jumamosi fulani. Alidhani nasubiri mshahara au mwanamke. Ningemwambia nasubiri nini? Nilikuwa nimeshaamua moyoni: sauti ya tano ikifutwa, naenda. Sikuwa na hasira na mtu. Sikutaka tu kurudi kwenye lile benchi baada ya kujua kwamba langu lipo.

Niliandika wakati wa chakula cha mchana, kiwandani, nimekaa juu ya magunia ya pumba, ubao wa kukatia lebo magotini. Kazi ilikuwa ngumu. Mwanzoni mwa kila mstari wa muziki kuna alama inayokuambia noti zinahesabiwa kutoka wapi. Sisi tunaiita ufunguo. Katika vitabu vya noti nilivyozoea kuvigeuza, funguo ni mbili tu, ya juu na ya besi. Katika kurasa za mfalme zilikuwa nyingi, na baadhi sikuwahi kuziona. Mwalimu alinifundisha kuzisoma kwa kidole: tafuta mstari ambao alama inaukumbatia, hapo ndipo pa kuanzia kuhesabu. Kwa kuwa ziliniogopesha, nilizifanya polepole. Alto ilinichukua siku nne. Teno siku tano. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Sauti ya tano niliiacha iwe ya mwisho, kama mtoto anayeacha nyama pembeni ya sahani. Nilipoifikia nilifurahi kukuta ina ufunguo ninaoujua, ule wa besi, wenye mgongo uliojikunja na nukta zake mbili. Sikuhitaji kidole. Niliinakili kwa siku mbili.

Nilipoanza kuiimba kwa sauti ya chini, mashine zikiwa zimezimwa, niliona inashuka kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na mahali nilibaki na upepo tu. Nilijiambia nisiwe mtu wa kulalamika. Nimepewa sauti yangu mwenyewe kutoka ikulu ya mfalme, halafu nianze kusema inanibana? Nilijikaza, nikasukuma kidevu chini kama nilivyozoea katika kwaya zote, nikaimba.

Jumamosi ya tatu ilifika. Mwalimu alinikopesha watu wawili, teno mmoja na besi mmoja, tukawa watatu wa sauti ya tano. Kila kundi lilikuwa limejifunza peke yake, kama ilivyo desturi, kundi moja sakristia, lingine nyuma ya kanisa, lingine chini ya paa la kuegesha baiskeli. Tulikutana mbele ya altare saa tisa. Mwalimu alitoa do, akainua mkono.

Mwanzo ulikuwa mzuri, kwa sababu ni soprano na alto tu. Teno wakaingia, bado vizuri. Tulipoingia sisi, kitu kilianguka. Haikuwa kelele hasa. Ilikuwa kama mtu ameingia chumbani na viatu vyenye matope. Mwalimu alisimamisha, akatuanzisha tena, tukafika palepale, tope lilelile. Mara ya tatu akawaambia wengine wanyamaze sauti moja baada ya nyingine. Alipotunyamazisha mimi na wenzangu wawili, wimbo ukasafika.

"Sasa unaona," fundi alisema, si kwa ubaya. "Huko kwa mfalme labda walikuwa na masikio mengine."

Yule teno wa kukopeshwa alikuwa ameshaanza kurudi kwa wenzake. Mwalimu alikunja midomo, akachukua nakala yake kuu, ile yenye sauti zote, akatoa penseli sikioni. Alinitazama kabla ya kuigusa karatasi. "Tulisema," alisema.

"Tulisema, Mwalimu," nilimjibu. Nilikuwa nawaza mfuko wangu wa nailoni uko wapi, kama uko juu ya kabati au chini ya kitanda. Nilikuwa nawaza basi la Naivasha.

"Mwalimu, hebu ngoja." Alikuwa mama wa viazi. Alikuwa amekaa na kiatu kimoja kimevuliwa, anasugua kidole. "Huyu aimbe peke yake."

"Mama, muda."

"Muda gani? Umeahidi mtu? Aimbe."

Niliimba peke yangu, sehemu ile tuliyokuwa tukiangukia. Aliniacha nimalize, akaomba nirudie, akafumba macho.

"Sikizeni," alisema. "Hiyo sauti inatembea vizuri. Inapanda vizuri, inashuka vizuri, inapumzika mahali pake. Kitu cha makosa hakitembei hivyo. Sauti ni nzuri, ila ameiingiza kwa nyumba ya jirani." Akafungua macho, akanitazama. "Baba, panda ngazi mbili."

"Ngazi mbili wapi?"

"Kila mahali! Pale unaanza na do, anza na mi. Pale unaimba re, imba fa. Hivyo hivyo mpaka mwisho."

Nilisema jambo ambalo bado linanichoma nikikumbuka. Nilisema, "Mama, mimi nimenakili kama ilivyoandikwa." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua kusoma, nikimwambia mtu asiyejua.

Hakukasirika. "Na mimi nanunua viazi kama vilivyo kwa gunia," alisema. "Lakini nikifika sokoni lazima nifungue gunia nione. Imba."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Nami nikaimba, bila karatasi sasa, nikipandisha kila noti ngazi mbili kichwani, polepole, nikijikwaa. Baada ya noti tano au sita mama aliingia na alto yake, taratibu, chini chini. Kisha bila kuitwa fundi akaingia na besi, maana alikuwa ameikariri sehemu yake akitengeneza magari. Ilikaa. Nilihisi pande zote mbili, juu yangu na chini yangu, kama mtu anayeegemea kiti akakuta kina mgongo. Na koo langu halikusukuma kitu. Noti zilikuwa zile saba au nane, zilezile ambazo naweza kuziimba kutwa.

Mwalimu hakutuangalia. Alikuwa ameinama juu ya kurasa za kale, miwani imeshuka puani, kidole kwenye ufunguo. "Njoo hapa," aliniambia. Nilikwenda. "Ni ufunguo wa besi kweli. Lakini hizo nukta mbili zinakumbatia mstari upi?"

Nilitazama. Katika vitabu nilivyozoea nukta mbili hukaa juu na chini ya mstari wa nne kutoka chini. Hapa zilikumbatia wa tatu, wa katikati kabisa. Alama ilikuwa ileile, imekaa tu chini kidogo. Kwa hiyo kila noti niliyoiandika ilikuwa ngazi mbili chini ya ilipotakiwa, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mwandiko safi kabisa.

"Zile ngeni ulizisoma kwa kidole," mwalimu alisema. "Hii umeisoma kwa mazoea."

Aibu ya kukosea nilikuwa nayo, lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine. Nilikuwa nimesikia. Pale juu ya magunia nilisikia kwamba inashuka mno, kwamba hainikai, na sikufikiria hata mara moja kwamba huenda karatasi ndiyo yenye makosa. Nilifikiri ni mimi, kama kawaida. Nilikuwa nimezoea mno kuimba mahali pasiponitosha, hata nilipopewa mahali pangu nikajisukuma nje.

Mwalimu alirudisha penseli sikioni. Hakufuta kitu. "Siku ya somo ni Jumapili ya wiki ijayo," alisema. "Utaweza kuandika upya?"

"Kesho itakuwa tayari."

"Usiende haraka tena," mama wa viazi alisema, akivaa kiatu. "Haraka ndiyo imekuleta hapa."

Niliandika upya Jumapili yote baada ya misa, kwa kidole. Wiki ile tulifanya mazoezi jioni mbili, na yule teno wa kukopeshwa akagundua kwamba noti hizi zilimfaa yeye pia. Alikuwa amejikamua kwa teno tangu akiwa sekondari. Alisema tu, "Kumbe," akaendelea kusoma.

Padre wetu alitupa nafasi wakati wa matoleo. "Mnaweza kuimba mpaka matoleo yaishe," alisema, "yakiisha na nyinyi mmeisha." Alidhani anatubana. Lakini siku ya somo, kila jumuiya huja na yake. Walianza na mikungu ya ndizi, wakaja na trei za mayai, gunia la viazi ambalo tulijua limetoka kwa nani, sufuria mpya zikiwa bado na karatasi za dukani, sukari, sabuni, mablanketi, watoto na maua. Na mwisho mbuzi. Huyo alifika katikati ya kanisa akakataa. Wanaume wawili walimvuta, mama mmoja akamsukuma, naye akasimama palepale anaangalia dari.

Sisi tuliimba. Kulikuwa na kundi dogo la watu sita mbele, na sisi wengine nyuma, na wimbo ulikuwa unapita kutoka kwa wale sita kuja kwetu na kurudi, kama watu wanaopokezana ndoo. Teno zetu zilichanganya r na l katika Kilatini cha ile zaburi kama zinavyofanya katika lugha zote, na haikudhuru. Hatukuwa na violini. Kijana wa kinanda alicheza alichoweza. Watu walikuwa wanapita na ndizi zao chini yetu, wengine wakiongea, padre akipokea na kubariki kwa sauti ambayo hatukuisikia, na mimi nikawaza kwamba ikulu ya mfalme labda ilikuwa hivi kidogo: altare ina shughuli yake, kwaya ina yake, na hakuna anayemsubiri mwenzake.

Sauti ya tano haisikiki. Hilo nililijua siku hiyo nikiwa ndani yake. Soprano inasikika, besi inasikika, ya katikati inaziba tu mahali ambapo upepo ungepita. Niliimba nikijua hakuna mtu katika benchi lolote anayeweza kunitambua, na sijawahi kuimba nikiwa nimetulia vile. Mara moja tu, tulipofika pale tulipokuwa tukianguka, mama wa viazi aligeuza kichwa upande wangu, akasikiliza kidogo, akarudi mbele.

Mbuzi alikubali tulipobakiza kurasa mbili. Tulimaliza yeye akifungwa kwenye nguzo.

Baadaye tulikunywa chai nje, na watu walikuja kupongeza. Walipongeza soprano. Walimpiga fundi mgongoni. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, aliyekuja siku hiyo kwa sababu ya pilau, alinisogelea na kikombe. "Nilikutafuta kwa macho wimbo wote," alisema. "Niambie ukweli. Wewe ulikuwa unaimba ama unafungua tu mdomo?"

Kabla sijajibu, fundi alimwekea mkono begani, ule mkono mzito. "Ngoja siku moja huyu akose kuja," alisema. "Hiyo siku utamsikia."

Niliwaacha wakicheka nikaingia sakristia. Nilitoa simu nikamwandikia rafiki yangu wa Naivasha kwamba atafute mtu mwingine wa pampu. Alijibu kwa alama ya kuuliza, nikaiacha hivyo. Karatasi zangu zilikuwa mkononi, sauti zote tano, mwandiko wangu. Kwa miaka yote saa kama hiyo ningekuwa nazikunja kwa ajili ya mfuko. Kabati la kwaya lilikuwa wazi na mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele yake, anapanga vitabu vya nyimbo.

Nilimpa. Alizipokea, akazigeuza, akaona ni zote.

"Unaziacha?"

"Naziacha."

Aliniangalia juu ya miwani kidogo, kisha akanirudishia. "Basi weka mwenyewe rafu ya juu," alisema. "Huku chini kuna panya."